Ruta Bila Neno la Siri

Mara ya tisa printa ilikataa kuungana na ruta mpya ya intaneti. Bi Tunu akaipiga kofi. Fomu ya chuo ya bintiye Raya ilitakiwa kabla ya adhuhuri.

“Mama, tuanze upya taratibu.”

“Upya! Tangu asubuhi naanza upya, nimekuwa wa chekechea? Liondoe hilo neno la siri! Mlango wetu mchana hatuufungi, tutafunga hicho kidude?”

Raya akaliondoa. Printa ikakohoa, ikatoa fomu safi. Bi Tunu akapiga vigelegele.

Havijaisha, karatasi ya pili ikaanza kutoka. Hakuna aliyeituma humo ndani. Ilikuwa picha ya Raya akianika nguo uani, amejifunga kanga ileile aliyojifunga sasa.