Taa Juu ya Mizani

Sitara alipowasha taa ya mezani ili afute vumbi kwenye mizani ya dhahabu, namba zilitoka kwenye sifuri zikateremka chini yake. Akaizima, sifuri ikarudi. Akaiwasha tena, zikateremka tena, na kisahani kilikuwa kitupu.

Alibaki na kitambaa mkononi. Siku yake ya kwanza dukani hapa Mchafukoge, mjomba wake sonara alimulika kisahani hichohicho kwa tochi ya simu, akacheka: "Unaona, mama? Mwanga haushikiki, hauna uzito. Haumuibii mtu."

Kumbe tochi ilikuwa tochi tu. Taa hii ndiyo iliyounganishwa na mizani. Miaka mitatu, kila dhahabu ya watu ilipopimwa, mjomba alisema, "Mwangazie mteja aone vizuri," naye akawasha. Kidole kilichopunguza uzito kilikuwa chake mwenyewe.

"Hodi jamani!"

Aliingia bibi jirani yao wa Msimbazi, amekuja kuuza bangili ili mumewe apasuliwe jicho. Sitara ndiye aliyemwambia aje hapa, kwa watu waaminifu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Mjomba akatoka chumba cha nyuma. Bangili iligoma kuvuka kiganja. Bibi akaipaka mate, ikateleza, ikaacha alama nyeupe mkononi. Mjomba akaiweka kwenye kisahani, anatabasamu.

"Sitara mama, mwangazie Bibi."

Sitara akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Washa mwenyewe, Mjomba," alisema. "Mimi na Bibi tunaangalia namba."