Ufagio wa Mlangoni

Vieno alifunga mlango, akauegemezea ufagio. Huku kwetu, ufagio mlangoni maana yake mwenyewe hayupo. Mgeni arudi zake.

Ila mkono wake haukuuachia mpini.

"Mama, twende basi!" mwanawe aliita kutoka garini. "Mjini kwangu kuna lifti, na sauna pia ipo."

"Sauna ya kupangiana zamu na watu nisiowajua?"

Mimi, jirani yake, nilikuwa nimekumbatia kuni za sauna yetu, bafu letu la mvuke la kila Jumamosi. Nilikuja kumwambia safari njema, maana alikuwa anahamia kwa mwanawe. Mdomo ukasema, "Leo niwashe moto wa mtu mmoja?"

Vieno akaufuta mpini kwa kiganja, taratibu.

"Wa watu watatu," akasema, akimtazama mwanawe garini, akauondoa ufagio mlangoni, akaanza kufagia theluji ngazini.