Hereni Yenye Sauti ya Profesa

Povu la maziwa lilikuwa bado halijatulia ndooni, hereni ya kupimia magonjwa sikioni mwa ng'ombe Mashavu ikapaza sauti: "Ng'ombe huyu ana kifua kikuu. Achukuliwe."

Sauti ilikuwa ya mkamuaji mwenyewe, Profesa Ndeanasia. Alipostaafu, baada ya miaka arobaini ya kusaka vimelea vya mifugo, serikali iliomba sauti yake iwekwe kwenye hereni zote za mifugo nchini, naye akaona ni heshima. Hereni ikishasema, haipingwi.

Profesa akapima makohozi ya ng'ombe kwa hadubini yake kuukuu, pale pale jikoni. Hakuona kimelea hata kimoja.

Bwana mifugo aliyekuja alikuwa Mbonea, mwanafunzi ambaye Profesa alimlea kama mwanawe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Chungulia mwenyewe! Ng'ombe mzima huyu!"

Mbonea hakuinama. "Si wewe uliyeandika kwamba jicho la mtu si ushahidi?"

"Niliwaandikia wavivu! Wewe nilikufundisha kutazama!"

Mashavu akapakiwa garini. Kisha Mbonea akatoa mfukoni hereni nyingine, ndogo.

"Umemkamua asubuhi, umevuta pumzi yake," alisema, macho chini. "Naomba sikio, Mama."