Mtaa Mzima Ulikuwa Bafuni

Tofali lilipasua dirisha la sebuleni, likabiringika mpaka jikoni, likagota kwenye mguu wa meza. Earlene Gaskins alizima jiko kwanza, maana maharage yalikuwa yameanza kushika chini, ndipo akaenda kutazama.

Nje, vijana watatu walikuwa wakikimbilia upande wa reli. Aliwajua wote. Wawili walikuwa wamekula mezani kwake mara nyingi, enzi hizo hawajaota ndevu.

Jirani yake, mzee Lucius Peoples, alivuka barabara na ubao na nyundo.

"Gazeti la leo linasema uhalifu umeshuka hapa Dayton," alisema huku misumari iko mdomoni. "Labda wale hawasomi magazeti."

"Pigilia, kaka Lucius. Baridi inaingia."

Alipigilia msumari mmoja, akasita. "Dada, nakwambia kwa wema. Mwambie yule mpelelezi ulikosea. Umri umekwenda, macho yamechoka. Nani atakulaumu?"

"Wewe ulimwambia nini?"

"Kwamba nilikuwa bafuni."

Earlene nusura acheke. Jioni aliyouawa Wendell Oakes, mtaa mzima ulikuwa bafuni. Wendell alikuwa kinyozi wa pale ng'ambo ya barabara, mtu wa maneno mengi, aliyewanyoa watoto bure kila shule zilipokaribia kufunguliwa. Alipigwa risasi akifunga duka, pochi yake ameshaitoa mwenyewe. Mpelelezi Grady alibisha hodi kila nyumba, na kila nyumba ilimpa jibu lile lile. Hata Earlene alisema hakuona kitu.

Siku ya mazishi, Corinne, mjane wa Wendell, alimshika mikono yote miwili.

"Dada Earlene, dirisha lako linatazama pale pale dukani. Kweli hukuona hata kivuli?"

"Sikuona."

"Haya. Asante kwa kuja. Wengine hawakuja."

Ile asante ndiyo iliyomshinda. Jumapili alisimama kanisani katikati ya wanakwaya wenzake, akafungua mdomo, na sauti haikutoka. Jumatatu alimpigia simu Grady, akamtajia jina. Kijana alikamatwa jioni hiyo hiyo, kwa rafiki yake, amelala kwenye kochi na viatu miguuni.

Habari ilienea. Dukani watu walinyamaza Earlene alipoingia. Kwaya ilimwambia apumzike kidogo. Mtu alimwaga rangi nyekundu kwenye ngazi za mlangoni kwake. Aliisugua mpaka vidole vikachubuka, na bado doa lilibaki.

Kesi ilipokaribia, binti yake Denise alikuja kutoka Columbus. Hakuvua hata koti.

"Mama, bado hujachelewa. Sema kulikuwa na giza. Na kweli kulikuwa na giza."

"Kulikuwa na giza, ndiyo."

"Basi?"

"Basi niliona."

"Unajua atafungwa maisha? Umelifikiria hilo? Ana miaka kumi na tisa."

"Wendell alikuwa na watoto watatu, Denise."

"Usinitajie watoto wa Wendell. Nawahurumia, sawa, nitawaombea. Lakini Corinne hatakuja kukuuguza, mama. Corinne hatakuja kukuzika." Denise alijifuta macho kwa mkono wa koti. "Ukipanda pale kizimbani, mimi usinihesabu tena."

Earlene alimsogezea sahani. "Kula kwanza, umetoka mbali."

Denise aliondoka bila kula.

Asubuhi ya kesi, Grady alikuja kumchukua kwa gari lisilo na alama za polisi. Njiani alimwambia kwamba wangeweza kumhamisha, wamtafutie nyumba mji mwingine, mahali ambapo hakuna anayemjua.

"Niende wapi ambako nitakuwa sijaona?" Earlene aliuliza.

Mpelelezi alipunguza mwendo, akasema, "Nimefanya kazi hii muda mrefu, mama. Sijawahi kumpeleka mahakamani shahidi kama wewe."

"Usinisifu. Tafadhali. Leo usinisifu."

Ukumbi ulikuwa umejaa. Corinne alikaa mstari wa mbele, na wanawe watatu wamebanana naye kwenye benchi. Upande wa pili walikaa wale vijana wa tofali, wamekunja mikono, macho yao hayamwachi Earlene. Mshtakiwa alikuwa mwembamba, suti inampwaya mabegani, ananyofoa ngozi ya kidole gumba kwa meno.

Earlene alikula kiapo, akakaa, akaweka mkoba magotini. Alieleza alichokiona bila kupamba: milio miwili, Wendell ameanguka mlangoni, mtu ameinama juu yake, kisha mtu huyo akaondoka kuelekea relini. Hakukimbia.

"Na mtu huyo yumo humu ndani?" mwendesha mashtaka aliuliza.

"Yumo." Alinyoosha kidole.

"Mama Gaskins," mwendesha mashtaka aliendelea, "taa ya barabarani haikuwaka. Alikuwa amejifunika kichwa kwa kofia ya sweta, na muda wote alikupa mgongo. Uso wake hukuuona kabisa. Waeleze hawa watu kumi na wawili watakaoamua: ulimjuaje?"

Earlene aliuweka mkoba chini.

"Nilimjua kwa anavyotembea," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama kijana usoni. "Huyo ni damu yangu. Kutembea nilimfundisha mimi."