Punguza Mwendo, Mrembo

Mama, fundi cherehani, alikuwa akishona maneno "Njia ni yetu pia" kwenye bango la maandamano, huku binti yake akimsikilizisha sauti ambazo yeye na wenzake walizirekodi kwa simu wakitoka shule. Kesho wangezipeleka bungeni, wabunge wasikie kwa masikio yao kwa nini kina mama wanadai sheria ya kuwaadhibu wanaume wanaosumbua wasichana barabarani.

Miluzi. Matusi. Mmoja akiapa kumfuata msichana mpaka mlangoni kwao.

"Wasiofunzwa na mama zao, sheria itawafunza," alisema mama, cherehani ikinguruma.

Kisha kikaja kikohozi kikavu, na sauti nzito isiyo na haraka. "Punguza mwendo, mrembo. Dunia haikimbii."

Mguu wa mama uliganda kwenye pedali. Sindano ikabaki imezama kwenye kitambaa.

Maneno hayo ndiyo aliyoambiwa na mumewe siku ya kwanza walipokutana. Kwenye kila harusi mume huyasimulia, wageni wakavunjika mbavu, naye humalizia: "Akatabasamu. Nikajua huyu ni wangu."

"Hii nani karekodi?" aliuliza bila kuinua uso.

"Rafiki yangu. Baba hamjui." Binti alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. "Tuifute, mama?"

"Rafiki yako alifanyaje?"

"Alitabasamu. Angefanya nini, mama, na njia ilikuwa tupu?"

Mama alijigusa midomo kwa vidole vilivyojaa nyuzi.

Siku ile pia, njia ilikuwa tupu.