Mtutu Unaovumilia

"Hivi, Verna, huyo Delbert anataka gobore la mtutu usioshika kutu la nini, na jiko lako lipo?"

Opal, jirani yake, aliuliza hivyo akiwa anaanika nguo, kama mtu anayeulizia bei ya mayai. Verna akacheka. Alipoingia ndani kicheko kikamkauka.

Maana gobore halina subira. Ukipiga mara moja tu, baruti nyeusi inaanza kuutafuna mtutu. Ndiyo sababu, miaka nenda miaka rudi, kila Jumamosi ya msimu wa kulungu, Delbert akitoka msituni alikuja moja kwa moja jikoni kuuosha. Verna alikuwa keshachemsha maji, sabuni tayari, mkate wa mahindi umo kwenye tanuri. Mtutu ukisimamishwa ndani ya ndoo, nyumba nzima inanuka mayai viza, na Verna aliipenda harufu ile kuliko manukato. Baruti ilijua kumleta mtu.

Msimu huu Delbert hakuwa yule wa zamani. Kahawa aliinywa amesimama. Shati lake lilinukia sabuni ambayo Verna hakuwahi kuinunua. Na sasa anatafuta mtutu unaoweza kungoja!

"Kuna mwanamke," Verna akaiambia birika. "Na ndiye anayemchagulia."

Wivu nao, kama mtutu wa gobore, haulazwi mchafu mpaka asubuhi. Akavaa koti, akashuka mpaka dukani kwa Burl, muuza bunduki.

Delbert alikuwa pale, na magobore mawili yamelazwa mbele yake juu ya kioo cha meza ya duka: moja mtutu mweupe wa chuma kisichoshika kutu, jingine mtutu mweusi wenye ubuluu kama bawa la kunguru.

"Karibu, Verna," Burl alisema. "Umekuja kumchunga?"

"Nimekuja kuangalia. Macho hayalipiwi."

"Hukuwa na haja ya kuja," Delbert akasema bila kuinua uso.

"Kwani nimepigwa marufuku?"

Burl akakohoa. "Uamuzi ni wako, bwana. Huu mweusi ni mrembo, lakini hautaki mchezo. Ulaze na baruti usiku mmoja tu, asubuhi una kutu. Huu mweupe nao unaoshwa, usije ukanisingizia. Ila wenyewe unavumilia kidogo."

Verna akaunyanyua mweusi, akaukumbatia kama mtoto mchanga.

"Chukua huu. Huo mwingine unang'aa kama sufuria mpya, kulungu watakuona toka ng'ambo ya mlima."

"Nimechoka kukimbizana na ndoo, Verna."

"Umechoka na ndoo, au na anayekuchemshia maji?"

Burl akapata ghafla vumbi la kufuta kwenye rafu ya nyuma.

"Ni nani?" Verna akanong'ona. "Mwanamume habadiliki hivi hivi tu. Nitajie jina lake, nami nitanyamaza."

Delbert akaugeuza mtutu mweupe juu ya kioo. Masikio yalikuwa yamemwiva.

Kengele ya mlangoni ikalia. Akaingia mwanamke mnene mwenye koti la kanisani, akapangusa viatu vyake taratibu, akaja akamshika Delbert mkono.

"Mume wangu, bado tu hujalipa? Si tulikubaliana nyumbani? Mweupe. Huo utavumilia mpaka uuoshee nyumbani kwako." Kisha akamgeukia Verna, akamtazama bila hasira wala tabasamu. "Na wewe, Dada Verna, umemchemshia maji vya kutosha. Sasa pumzika."

Verna akaulaza ule mtutu mweusi juu ya kioo, polepole, akatoka.