Mguu wa Mama Mkunga

"Usinivue wewe!" Mama Mkunga alimfokea mke wa mwanawe, aliyekuwa amepiga magoti kumvua soksi. "Mikono yako haina heri."

Soksi ikavuliwa na mwanawe wa pekee, fundi friji. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba, ngozi imevutika hadi inang'aa.

Mkewe alijibanza kwenye ukuta wa chumba cha hospitali, mkoba tumboni. Mimba zake ziliharibika moja baada ya nyingine, na mama mkwe hakuchoka kumsuta. Mama Mkunga alikuwa amezalisha nusu ya mtaa kabla ya kustaafu, nani angembishia?

"Huyu nilimzaa peke yangu," alipenda kujigamba. "Baba yake yuko safarini, majirani hawana habari. Nilifunga mlango, nikazaa, nikafua na shuka. Nyie wa siku hizi, mimba tu inawashinda!"

Mwanawe alizoea kucheka kidogo, kisha kutazama chini. Hakuwahi kumtetea mkewe.

Daktari, binti mwenye miwani, akaingia na majibu.

"Mama, damu imeganda kwenye mshipa wa mguu. Kinga ya mwili wako, badala ya kupigana na vijidudu, inaichokoza damu yako mwenyewe."

"Niandikie dawa, mwanangu, niende zangu."

"Nitakuandikia. Ila hali hii wakati mwingine huandamana na saratani, kwa hiyo tutapima. Nataka kujua kama imezuka sasa au unayo tangu ujanani. Kwa wanawake wengine hujionyesha mapema." Akasita. "Huharibu mimba."

Mke wa mwanawe akainua uso.

"Kumbe si kosa la mtu?"

"Kosa gani, dada? Ni ugonjwa. Wengi wakitibiwa hujifungua salama. Wewe umewahi kupimwa?"

Alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alitazama sakafu.

"Haya, mama. Umewahi kupoteza mimba?"

"Aka! Mimi?"

"Wewe ni mkunga, unajua kwa nini nauliza. Ukinificha, naweza kukosea tiba."

Mama Mkunga akalipapasa shuka la kitanda, akilikunja na kulikunjua. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Waambie hawa watoke."

"Sitoki, mama," alisema mwanawe, akamshika mkono. "Mimi ni damu yako. Una nini cha kunificha?"

Mama Mkunga alifumba macho. Alipoyafumbua, hakumtazama mwanawe. Alimtazama yule aliyejibanza ukutani.

"Nimewahi," alisema.

Kalamu ya daktari ikasubiri.

"Ngapi, mama?"

Akauchomoa mkono wake polepole kutoka mkononi mwa mwanawe.

"Zote."